Ganzi ya Makusudi

Jumatatu, 3 Machi

Mkono wa kulia umekufa ganzi tena usiku. Gumba na vidole viwili vinavyofuata. Nimeukung'uta hadi nikampiga Wangeci kofi. Mke wangu hakucheka.

Kazini, habari njema! Fancy, msimamizi wa grinhausi yetu ya waridi, anatafuta skauti: mtu wa kutembea akikagua wadudu kwenye majani. Hakuna makasi! Atapewa mkataji ambaye daktari atathibitisha makasi yamemharibu mkono. Tuko wawili: mimi na Ogada.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Daktari amegonga kifundo cha mkono, shoti ikaruka hadi vidoleni. Mshipa wa fahamu umebanwa hapo, amesema. Nivae gango usiku ili kifundo kisipinde, nipumzishe mkono, nirudi Ijumaa ya wiki ijayo. Ogada kaambiwa vivyo hivyo. Nimemuuliza kama atavaa.

"Kamande, boss, mimi nataka mkono."

Mjinga. Akipona, nafasi ni yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Ganzi inapungua. Nimechukua makasi nikapunguza ua wa michongoma wa jirani Mbugua, upande mzima wa barabarani. Bure. Amesema tangu ahamie Kihoto hajapata jirani kama mimi. Dirisha nimelibana kwa gango, lisigongwegongwe na upepo.

Jumapili, 9 Machi

Kitabu cha nyimbo kimeniponyoka kanisani mara mbili. Mchungaji ameniombea nipone. Nimeitikia amina kwa sauti ndogo.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Daktari ameshtuka. Msuli wa gumba umeanza kusinyaa. Nikiendelea hivi nitapasuliwa. Nimetoka kifua mbele. Ogada ana nafuu, masikini.

Kisha kazini Fancy akatupa kila mmoja lenzi ndogo kama kifungo cha shati, tumtafutie utitiri kwenye jani. Ogada akauona papo hapo. Lenzi yangu ikaanguka. Nikaiokota. Ikatumbukia kwenye ndoo ya dawa. Fancy akasema:

"Kamande, skauti hushika lenzi kwa vidole. Wewe utashika na nini, meno?"

Kazi kapewa Ogada. Mimi nifagie majani hadi nimwone daktari wa upasuaji. Wangeci ameling'oa gango dirishani, akaliweka juu ya mto wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nafagia kwa kushoto. Bethwel wa geti anastaafu! Kiti, kivuli, redio. Inasemekana watamweka mtu asiyefaa kabisa kwa kazi ya mikono.

Jioni nimepita kwa Mbugua. Ua wake upande wa nyuma umeota ovyo. Nimemwambia asiite mtu.

Mkono wa kushoto bado mzima.