Fundi Spika na Mkutano wa Surua

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa leo, tena kwa kunyamaziwa. Mwenyekiti wa mtaa kashukuru kila mtu mwishoni mwa kikao. Waliofagia uwanja. Waliopanga viti. Kamshukuru hata mwenye mbuzi kwa kuwaondoa mbuzi wake. Mimi niliyefunga spika? Kimya! Utu uzima wote huu nafunga spika watu waongee, na maneno yangu mwenyewe mbele ya umma hayajazidi mawili: moja, mbili. Ndiyo wakanipa jina. Hata vitoto: shikamoo, Moja Mbili!

Aliyeongea leo ni shemeji, mdogo wake mama watoto. Ni afisa afya. Kasema surua imeingia mtaa wa jirani, na Jumatatu ijayo wachanjaji watakuja shuleni. Lakini kwanza Jumamosi kutakuwa na mkutano wa wazazi, waulize maswali yao, na waamue kama shule ikatae watoto wasiochanjwa.

Kapigiwa makofi hadi nikaona haya kwa niaba yake. Makofi kwa amplifaya yangu! Bila mimi angekuwa anafumbua mdomo tu kama samaki.

Jumamosi nami nitasema. Nimeapa.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo lilikuwa niseme nini. Nimelifikiria sana. Ukiunga mkono, unapewa dakika, unaambiwa asante mzee, kaa. Ukipinga, watu wanageuza shingo. Basi napinga. Mimi na chanjo hatuna ugomvi wowote. Lakini mtu huchagua upande wenye nafasi.

Nimejaribu maneno yangu kwa seremala, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ana mtoto mmoja tu, binti, aliyepatikana baada ya kuhangaika miaka. Anaitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi. Ndiyo kwanza ameanza shule, na chanjo ya surua ilimpita walipokuwa wakihamahama. Seremala alikwishaamua kumpeleka Jumatatu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, nzito: ndugu yangu, mtoto unaye mmoja, haraka ya nini?

Akaacha kupiga randa. Randa ikabaki katikati ya ubao! Sijawahi kumsimamisha mtu kazi kwa maneno. Raha niliyoisikia haielezeki.

Mama watoto alikuwa anapita na ndoo, akasikia. Kaniuliza jioni: watoto wetu wanne wote wamechanjwa, nani aliyewabeba kuwapeleka kliniki? Nikamwambia hayo yalikuwa mambo ya afya, haya ni mambo ya hoja. Kaniangalia mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yangu!

Ukumbi wa shule umejaa mpaka madirishani. Shemeji kaanza vizuri, na hilo lilinitia wasiwasi. Anaeleza surua inavyoshika mapafu, macho, masikio. Watu wametulia. Hapo kidole changu kikateleza kwenye kitufe cha sauti. Kikateleza tena. Kila alipofika penye maana, kikateleza. Nyuma wakaanza kupiga kelele: hatusikii!

Mwenyekiti kaniita nitengeneze. Nikatengeneza. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaishika maiki, nikasema ninalo swali dogo la mzazi. Nikajiongezea mwangwi kidogo.

Shemeji kasema, kinga ni bora kuliko tiba. Nikasema, kinga ya nini, nani hapa anaumwa? Watu wakacheka. Kasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikasema, haraka haraka haina baraka. Wakapiga makofi. Nikaona amekasirika. Kasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikaacha kimya kidogo, kama wanavyofanya wakubwa. Kisha nikasema, na anayemliza mwana wa mwenzake bure, atalia nani?

Ukumbi ulilipuka! Kina mama walisimama! Muuza mkaa kanikumbatia na shati langu jeupe limeharibika, sijali. Shemeji alikuwa bado anasema kitu kuhusu watoto wachanga, wale ambao umri wao wa kuchanjwa haujafika, kwamba kinga yao ni sisi wengine. Labda. Hakuna aliyemsikia.

Mwenyekiti katangaza: zoezi limeahirishwa hadi wazazi watakapojiridhisha.

Jumapili, 9 Machi

Naitwa Mheshimiwa. Si wote, ila muuza mkaa ananiita, na anaita kwa nguvu.

Shemeji kaja. Kakataa kiti. Akasema, "Shemeji, kama ulitaka kunishinda, ungenishinda kwenye drafti."

Maneno ya kejeli. Anajua fika kwenye drafti hunifunga kila siku. Nikamjibu kwamba aliyeshindwa kwa hoja akubali. Kaenda chumbani kumwona Bosi, kambeba muda mrefu, kamrudisha, kaondoka.

Bosi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yetu mkubwa anayeishi hapa kwetu. Ana miezi saba na ameshatutawala wote. Akitaka kubebwa, ananyoosha mkono bila kukutazama, kama mtu anayeita dereva. Chanjo yake ya surua ni akifikisha miezi tisa.

Mama watoto haongei na mimi. Si kitu. Wakubwa wengi walianza kwa kutoeleweka nyumbani.

Jumatatu, 24 Machi

Seremala kanialika karakanani kwake. Ana wateja wageni, anataka wanione! Nikavaa koti. Nikambeba Bosi, maana mtu mwenye hadhi akiwa na mjukuu begani anapendeza zaidi. Mama watoto kanizuia mlangoni, eti mafua yamezagaa mtaani, mtoto asitoke. Nikamwambia mjukuu wa Mheshimiwa hafichwi uvunguni.

Seremala kanitambulisha vizuri sana. Huyu ndiye mzee aliyetufumbua macho! Wageni wakanipa mkono. Chiriku alikuwepo, hakwenda shule, anapiga chafya, macho mekundu. Baba yake akasema ni vanishi. Nami nikasema ni vanishi. Chiriku alimpakata Bosi muda wote, akambusu, akamhadithia habari ndefu ya kuku wao mpaka pumzi ikamwishia kwa kukohoa. Bosi alikuwa anacheka tu.

Nimerudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 27 Machi

Chiriku ana homa kali, na leo upele. Umeanzia nyuma ya masikio, unashuka.

Seremala kaja kuniuliza mimi. Si daktari, si shemeji. Mimi! Kasimama na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mheshimiwa, hii siyo yenyewe kweli?" Nilitaka kusema sijui. Neno lilifika kwenye meno. Lakini mtu akikuita Mheshimiwa na macho yale, unasemaje hujui? Nikasema ni joto. Apewe maji mengi, afunguliwe madirisha.

Kisha nikaona neno hilo nisiliache peke yake. Nimezunguka mtaa mzima nikisema kuna upele wa joto, msitishike. Wamenielewa. Hadi jioni kila nyumba yenye mtoto mgonjwa ilikuwa na upele wa joto.

Jumanne, 1 Aprili

Shemeji anapita mlango kwa mlango. Viatu vimechakaa kwa mawe. Anafunua macho ya watoto, anawadondoshea matone ya vitamini mdomoni, anasema jina la ugonjwa lilivyo. Kamkuta Chiriku anapumua kwa mbavu. Kambeba mwenyewe mpaka hospitali, seremala nyuma yake na kiatu kimoja.

Mchana wachanjaji wamekuja shuleni. Foleni imezunguka ukuta. Wale wale! Kina mama wale wale waliosimama kunipigia makofi. Muuza mkaa alikuwa mbele na watoto wake wote, akanipita kama nguzo.

Hawakuniita kufunga spika. Shemeji kasimama juu ya benchi, kaongea kwa mdomo wake. Nilikuwa nje ya ukuta na nimesikia kila neno. Sikujua ana sauti ile.

Jumamosi, 5 Aprili

Bosi.

Homa tangu juzi. Nilisema ni meno. Nilirudia mara nyingi ni meno, na kila nikirudia walizidi kunyamaza. Leo asubuhi binti yangu kamgeuza kumwogesha, akaona nyuma ya sikio.

Kaniuliza, "Baba, ulikwenda naye wapi siku ile?"

Mama yake ndiye aliyejibu. Kasema, "Alikwenda kumwonyesha kwa watu." Basi. Afadhali angenitukana, matusi ningeyajibu.

Tuko hospitali. Wamejaa, wengine wawili kitanda kimoja. Bosi hanyooshi mkono. Nimemnyooshea wangu, hakuushika. Macho yamevimba, yamefumba. Anapumua kama spika iliyopasuka, sipendi kufananisha lakini ndivyo.

Nimeambiwa nitoke, nazidisha joto chumbani.

Jumatatu, 7 Aprili

Chiriku amefariki alfajiri. Mapafu.

Nikafanya ninachojua. Nikapakia spika kwenye mkokoteni nikaenda msibani. Msiba wenye watu wengi haukosi spika, nikafikiri. Nikaanza kuvuta waya. Wanaume walikuwa wamekaa karakanani, na kwenye meza ya kazi kulikuwa na kiti kidogo cha shule, miguu mitatu imeshagongwa, wa nne bado.

Seremala kainuka, kaja taratibu. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

"Usiiwashe," akasema. "Leo sitaki kusikia sauti ya mtu."

Nikakunja waya. Spika kubwa hubebwa na watu wawili. Nikashika upande mmoja nikangoja. Watu wakatazama chini. Nimeiburuza peke yangu hadi kwenye mkokoteni, na kelele ya kuburuza ndiyo ilikuwa kelele pekee pale.

Nilipogeuka shemeji kashika upande wa pili. Tukapakia. Hakunitazama. Akarudi kukaa karibu na seremala.

Nimelia njiani. Watu wakadhani ni jasho.

Jumatano, 16 Aprili

Bosi ameruhusiwa. Amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mtu mwenyewe. Lakini yuko! Yuko!

Sikio la kulia linatoa usaha. Daktari kasema huenda halitasikia vizuri, hawezi kujua sasa, tusubiri akue. Binti yangu kauliza tusubiri mpaka lini. Daktari kafunga faili.

Shemeji ndiye aliyembeba hadi nyumbani. Mimi nilibeba beseni.

Mama watoto anaongea na mimi, lakini habari za chumvi na maji tu. Binti yangu amehamishia kitanda cha Bosi upande wa ukuta wa mbali. Nikiingia anamfunika. Nikimwambia nataka kumwona tu, anasema amelala. Hata akiwa macho, amelala.

Seremala ameondoa ubao wa jina la karakana. Nikipita anaingia ndani. Nimejaribu kupita njia nyingine, ila huko nako kuna nyumba nilizoziambia ni joto.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekaa na nafsi yangu siku hizi. Mtu mzima lazima atafute kosa lilipo, hata likiuma. Nimelitafuta bila huruma. Nimelipata.

Ni shemeji.

Hebu tazama. Msomi mzima, amefundishwa, analipwa kwa kazi hiyo, anakuja mbele ya umma anashindwa na fundi spika! Angejiandaa angenijibu. Angenijibu, nisingeshinda. Nisingeshinda, yote haya yasingetokea. Mimi niliuliza swali tu. Jukumu la kujibu lilikuwa la nani?

Nimemweleza mama watoto jambo hili kwa upole, nikidhani litampunguzia uchungu. Kanisikiliza hadi mwisho. Kisha kachukua mto wake na kanga yake, kaenda kulala chumbani kwa binti yetu. Ukweli huuma.

Jambo jingine. Mwenyekiti katuma ujumbe. Jumamosi kuna mkutano: shemeji anataka madimbwi yote yafukiwe na nyumba zipuliziwe dawa ya mbu kabla ya mvua. Wanahitaji spika. Ameutia mkazo ujumbe, kaurudia: spika tu.

Nimekubali. Kazi ni kazi. Nimefuta vumbi, nimebadilisha betri za maiki. Sitasema kitu. Nimeshajifunza.

Ila nimekaa hapa nikafikiri. Wote Jumamosi watakuwa upande mmoja, ukumbi mzima, hakuna hata mmoja wa upande wa pili. Je, huo ni mkutano? Pale patakuwa na nafasi kubwa, wazi kabisa, na itakuwa dhambi kuiacha ipotee.

Maana mbu naye, nani amewahi kumsemea?