Helmeti ya Kichwa Kirefu

Jumatatu, 9 Machi

Pikipiki imefika! Mjomba ameileta mwenyewe, kiuno kimefungwa mkanda wa hospitali. Asema pikipiki ya mbio inataka mtu alale juu ya tangi kama anayetafuta ndala chini ya kitanda, na mgongo wake umekataa katakata. Basi ni yangu. Amenipa ufunguo mkononi. Machozi yalinilenga. Nikajikaza kiume.

Mke wangu alitoka nje, akaizunguka taratibu, akashika usukani. Kisha akatoa hukumu. Pikipiki haivuki geti mpaka niwe na helmeti ya maana, inayonikaa sawasawa, na yeye mwenyewe aikague. Mwisho Jumapili. Jumapili ikifika sina, ufunguo unakwenda kwa kaka yake.

Kaka yake! Shemeji huyu ni fundi friji, na alikuwa hajakanyaga kwetu tangu friji yetu ipone. Leo kapita kusalimia. Kaja na helmeti yake kwapani. Mtu wa kusalimia na helmeti wapi na wapi? Ameniangalia, ameiangalia pikipiki, amenipa pole. Sikumwuliza pole ya nini.

Wasiwasi sina. Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Vichwa ndiyo kazi yangu. Watu wengine wanakwenda dukani kubahatisha, mimi nitakwenda na hesabu. Nimechukua picha yangu ya pasipoti na rula. Nimepima sikio kwenye picha, nikapima sikio lenyewe, nikajua picha imenipunguza kwa kiasi gani. Kutoka hapo, kichwa kizima kimejitoa chenyewe. Mke wangu kanikuta nimeng'ang'ania sikio na rula, akarudi alikotoka.

Jumanne, 10 Machi

Duka la helmeti. Ajabu tupu! Sikujua dunia imewaza vichwa kiasi hiki. Zipo za nusu, kama bakuli la uji lililopinduliwa. Zipo zinazoinua kidevu kama mfuniko wa sufuria. Zipo za uso mzima, na hizo ndizo za pikipiki ya mbio, nyingine zina kipembe kisogoni ili upepo usikuinue shingo. Nikauliza matundu ni ya nini. Hewa. Hewa inatokea wapi? Nyuma. Mvua je? Unafunga. Na mdudu akiingia kabla sijafunga? Dada mwenye duka alijibu yote hayo bila kuinua macho kwenye simu yake, ila kwa la mdudu aliingia stoo.

Mwisho akaja na futi ya fundi cherehani. Alitaka kunizungushia kichwa, juu kidogo ya nyusi. Nikamwambia asijisumbue, hesabu ninayo. Akasema basi kaka vaa tuone. Nikasema haina haja. Akasema haya. Nimechagua nyeusi yenye michirizi myekundu. Ya kutisha kabisa. Hata ikiwa mezani inaonekana inakimbia.

Nyumbani nimeivaa. Masikio yalijikunja, yakajikunjua. Ndani kuna ukimya mtamu. Nilimwona mke wangu akiongea dakika nzima nisisikie neno.

Paji la uso linauma. Litazoea.

Jumatano, 11 Machi

Halijazoea. Nimekwenda nayo studio, nikapiga picha za wateja nimeivaa, ili sponji ilegee. Mwalimu mmoja mstaafu alikaa kwenye kiti, akaitazama ile taa, akanitazama mimi, akauliza kama kuna kitu kinaweza kulipuka. Nikamtuliza. Picha yake imetoka na macho ya mtu aliyeshikwa ugoni.

Alipoondoka niliivua. Katikati ya paji, alama nyekundu. Pembeni mwa kichwa, nafasi ya kupitisha vidole. Inabana mbele, inapwaya ubavuni! Inawezekanaje? Nikajipiga picha. Kwa udadisi tu, nikageuka upande.

Mama yangu! Kichwa kinaanza usoni, kinaendelea, halafu pale unapodhani kimekwisha, kinaendelea tena. Mkate mzima wa kiwandani. Miaka yote hii nimejitazama kwa mbele. Pasipoti haina habari na kisogo. Nilikaa na ile picha muda mrefu. Sikuhuzunika. Nilishangaa tu kwamba nimekuwa nikitembea na kitu kikubwa hivi nyuma yangu na hakuna aliyeniambia.

Nikarudi dukani. Dada mwenye duka hakucheka sana. Kwa kuwa nilikuwa sijabandua nailoni ya kwenye kioo, alikubali kubadilisha. Safari hii nikainamisha kichwa kama kondoo, akanipima kwa futi, akaingia stoo, akatoka na helmeti ya kijivu iliyoundwa kwa ajili ya watu wa ukoo wangu wa vichwa. Akanifundisha: shika mikanda miwili, itanue, ingiza. Mashavu lazima yajae, uonekane umemeza ndizi mbili. Ukitikisa kichwa, ngozi ya uso ifuate helmeti. Akanilaza kifudifudi juu ya stuli, eti ndivyo utakavyokaa barabarani, kidevu chini na macho juu. Ile nyeusi, nikilala vile, nilikuwa naona sakafu. Hii ya kijivu, nikasoma kalenda ya ukutani mpaka jina la mtengenezaji. Wateja wawili walisimama mlangoni wakasubiri nishuke.

Mke wangu ameikagua jioni. Amevuta, amesukuma, amepitisha kidole kwenye mkanda wa kidevuni, amenilaza juu ya meza ya kupigia pasi. Kisha akasema hii sawa. Kwa mdomo wake! Jumapili natoka. Shemeji akatafute friji.

Alhamisi, 12 Machi

Shemeji amepita kusalimia. Tena. Nikamwonyesha helmeti. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, ko ko, akatega sikio, akaguna. Nikauliza anaguna nini. Akasema hakuna, shemeji, ila siku hizi bandia zimejaa, zinapendeza kweli lakini zikigonga chini zinapasuka kama yai. Akasema hii yangu huenda si bandia. Huenda. Akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Sasa hilo neno, huenda, halikuniacha. Kazini halikuniacha. Nitawezaje kuivaa bila kujua? Na nitajuaje bila kujaribu? Hapo ndipo akili yangu inapowashinda wengi. Nikanunua tikiti maji la urefu wa kichwa changu, si kazi ndogo, muuza matunda alidhani nachezea mali yake. Nikalichora macho na pua kwa kalamu, nijue mbele ni wapi. Nikaliingiza kwenye helmeti, nikafunga mkanda, nikapanda juu ya paa la jengo letu la studio. Nikachungulia chini, hakuna mtu. Nikaachia.

Pwaa!

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nikafungua. Tikiti zima! Halina hata ufa, linanitazama na macho yake yaleyale. Helmeti ina mkwaruzo mmoja tu, kama wa paka. Si bandia! Niliruka pale uani peke yangu. Nusu ya tikiti nimekula, nusu nimempelekea Shemeji, nikamweleza yote bila kuacha kitu, roho imwume. Akala. Akauliza ni paa lipi. Akaniomba nisimulie upya kuanzia pale nilipoachia, akawa anatabasamu mpaka mwisho. Nadhani alikuwa ananionea fahari.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepita dukani kuuliza dawa ya kufuta mkwaruzo. Nikamsifia dada helmeti yake, nikamsimulia ya paa. Kwa mara ya kwanza aliweka simu chini.

Akaichukua, akafunua kitambaa cha ndani. Chini yake kuna lile povu gumu jeupe, kama linalofungiwa televisheni mpya. Akanishika kidole gumba, akakipitisha pale. Pamebonyea. Pembeni, ufa mwembamba. Akasema povu ndilo linalokufa ili kichwa kipone, na likishafa halifufuki. Helmeti hufanya kazi yake mara moja. Yangu imeshamfanyia tikiti.

Nilikaa kwenye ile stuli. Nikauliza kama ipo nyingine ya mimi. Akasema za vichwa virefu hawaletewi nyingi, mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo! Na Jumapili ni keshokutwa.

Nimewaza njia nzima. Kwa nje haionekani. Povu lipo ndani, na mke wangu ameshakagua. Mkwaruzo nitaufunika kwa stika. Nikitoka taratibu, nikazunguka mtaa tu, nani atajua? Kichwa changu hakijagonga kitu tangu nizaliwe, kwa nini kianze Jumapili?

Jumamosi, 14 Machi

Stika ni ya ua la njano. Ndiyo iliyokuwepo. Mke wangu aliniuliza ua la nini, nikasema nakshi.

Tukiwa tunakunywa chai, hodi. Shemeji. Akaketi, akajimiminia, akamwuliza dada yake kama naye alionja lile tikiti. Mke wangu akauliza tikiti gani. Shemeji akasimulia. Kaanzia kwa muuza matunda! Hata yale macho ya kalamu hakuyasahau.

Mke wangu akaweka kikombe. Akaleta helmeti, akabandua ua kwa ukucha, akafunua kitambaa, akapitisha kidole gumba palepale alipopitisha yule dada. Akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua tangu jana. Akaniuliza kama kesho ningeivaa hivyohivyo. Nikasema ningekwenda taratibu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kinachomuuma si helmeti. Kinachomuuma ni kwamba kesho ningempungia mkono getini, naye angenipungia, arudi zake ndani kufua akiamini niko salama. Nilijisikia mdogo kama kidonge. Nikamwambia samahani, na nilimaanisha. Akachukua mkoba, akatoka. Shemeji naye akatoka, kwenda kujaza upepo matairi. Matairi ya pikipiki yangu!

Mke wangu karudi mchana na boksi. Ndani, helmeti nyeupe, ya uso mzima. Moyo wangu! Pamoja na yote hayo, kaninunulia nyingine. Nikatanua mikanda, nikaingiza. Ikakwama juu ya masikio. Nikasukuma. Ikakwama zaidi. Nikamfariji, nikamwambia asijali, kukosea saizi ni jambo la kawaida, hata mimi mtaalamu niliwahi. Akaivuta ikatoka, na baadhi ya nywele zangu. Akasema si yako.

Jumapili, 15 Machi

Shemeji alifika mapema, kanyoa ndevu. Akasimama karibu na pikipiki, mkono umeshanyooshwa kupokea ufunguo. Mke wangu akatoka ndani. Suruali nzito, viatu vya kamba, koti jipya la ngozi, helmeti nyeupe. Akatanua mikanda, akaingiza, mashavu yakajaa vizuri sana. Akaukamata usukani, akalala juu ya tangi, akawasha. Akapita katikati yetu, akavuka geti, akakata kona kwa namna ambayo mimi nimeiona kwenye televisheni tu.

Nikamgeukia Shemeji. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Akasema marehemu baba yao alikuwa na pikipiki, na yeye Shemeji, kuendesha kafundishwa na dada yake. Kumbe! Miaka yote ya ndoa hii! Aliporudi nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema sikuwahi kumwuliza. Nikafikiri sana. Kweli, sikuwahi. Nimemwuliza mtu hewa ya helmeti inatokea wapi, lakini hilo sikuuliza.

Alivua helmeti, mashavu mekundu, sponji imemwachia mistari, anacheka peke yake kama msichana. Alikuwa mzuri kiasi kwamba nilisahau kukasirika. Ufunguo akatia mfukoni mwake. Shemeji akaaga bila kunywa chai. Kwa hiyo, ukipiga hesabu vizuri, mpango wangu umefaulu: pikipiki haikwenda kwa Shemeji.

Na kuna habari nyingine. Helmeti yangu ya kichwa kirefu kaiagiza kulekule dukani, itafika Alhamisi. Nikiipata, tutapokezana. Sharti moja: nisiigonge, nisiitupe, nisiitie tunda la aina yoyote. Nimeapa. Kanishika mkono nikiapa, na nilihisi ananiamini tena. Nilipenda sana.

Jumatatu, 16 Machi

Siku tulivu. Mke wangu yuko kazini. Koti lake la ngozi liko kwenye msumari, linanukia upya.

Jana alisema dada wa dukani kamhakikishia kwamba koti hili likiburutwa kwenye lami halichaniki. Vizuri. Lakini nani ameliburuta? Limeburutwa wapi, na nani alisimama kutazama? Tunaambiwa tu, tunavaa. Na huyu ni mke wangu, si tikiti. Usalama wake ndio wasiwasi wangu wa kwanza.

Nilichoapa ni helmeti. Koti halikutajwa.

Nimelijaza mito ya sebuleni, limekaa vizuri, lina mabega. Kamba ninayo. Jirani kakubali kuniazima baiskeli bila maswali. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kuendesha, maana mimi lazima nikimbie nyuma nione ngozi inavyofanya. Ndipo Shemeji akapita kusalimia. Nikamweleza. Kajitolea palepale, hata kamba kaifunga mwenyewe. Nilikuwa namwonea bure, kumbe ni mtu mwema.