Mbuzi Kaingia, Mimi Bado

Jumapili, 2 Julai 2017

Dhuluma! Sina neno jingine. Leo Sufuria ameingia kwenye bendera.

Niandike vizuri, ili hata nikifa usiku huu kwa hasira, atakayesoma aelewe. Sisi ni tawi la Johannesburg la Chumbageni Stars ya Tanga. Watu tisa. Timu yenyewe ilishuka daraja zamani, ikashuka tena, sasa hata redioni haitajwi. Hatuna mechi ya kutazama. Basi kila Jumapili tunakusanyika Doornfontein kwenye karakana ya Octave, fundi cherehani wa Lubumbashi, kwa sababu ana hita ya gesi na birika kubwa, na tunakumbuka. Mastaa hatuwataki, mastaa kila mtu anawajua. Tunawakumbuka waliosahauliwa. Mtu analeta jina, mwingine anashuhudia jambo moja aliloliona kwa macho yake. Shahidi akipatikana, jina linaingia. Asipopatikana, aliyeleta jina anaosha vikombe. Ni marufuku kuleta ndugu yako, tangu Mzee Ameir alipoleta binamu wanne kwa mpigo. Na ni marufuku kujileta mwenyewe.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo inayoniua.

Mwaka huu majina yanadariziwa. Octave anatutengenezea bendera ya kijani, itasafirishwa mwisho wa mwezi, itundikwe klabuni Tanga. Leo zilikuwa zimebaki nafasi tatu. Na Duni, mwenyekiti wetu, kaamka kamleta Sufuria, kipa wa tatu, ambaye hakucheza hata mechi moja maishani mwake! Mzee Ameir akashuhudia kwamba Sufuria alikuwa akimaliza machungwa ya wachezaji kabla ya mapumziko. Ikapita. Mla machungwa!

Na mimi je? Mimi Abdulrahman, jezi namba kumi na nne, niliyeingia uwanjani kipindi cha pili dhidi ya timu ya Morogoro mwaka 1996? Miaka miwili nakaa nao. Sijawaambia, nasubiri wanitambue. Wote wanajigamba walikuwepo siku ile. Wananunua mablanketi kwangu pale kando ya barabara, wananiita kaka, na hakuna anayeshtuka.

Sitasema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.


Jumanne, 4 Julai

Lakini hata chema hupanguswa vumbi.

Nimekwenda kwa Mzee Ameir, anayeuza soksi karibu na robot, yaani taa za barabarani. Ndiye mwenye kumbukumbu kuliko sisi sote. Nikanunua jozi tatu nisizozihitaji, nikasifu ubora wake, kisha nikaingiza mechi ya Morogoro kama mtu aliyejikwaa tu. Akaguna kwa raha. Anaikumbuka yote! Mvua. Filimbi ya refa iliyoingia maji ikawa inalia kama kifaranga. Yule mbuzi aliyekatiza uwanja karibu na mwisho, watu wakashangilia kuliko goli.

Nikamuuliza kwa upole, na yule kijana aliyeingia kutoka akiba wakati uleule, anamkumbuka? Akafumba macho. Akafikiri muda mrefu. Akasema alikuwa wa kahawia, na sikio moja jeupe.

Bado alikuwa kwa mbuzi.


Jumapili, 9 Julai

Nilivaa fulana yenye namba kumi na nne mgongoni. Octave aliibandika Ijumaa, wala hakuuliza kitu. Walipokuwa wote wameketi nikavua koti, kwenye baridi hii ya Julai, nikawapa mgongo. Nikageuka. Nikawapa mgongo tena. Duni akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Hilo ningelivumilia. Lakini Mzee Ameir akasimama, akasema kaka Abdulrahman juzi kamfungua kumbukumbu, na kwa hisani ya kaka Abdulrahman anapenda kumleta mbuzi.

Mbuzi!

Nikadhani watacheka. Wapi! Mashahidi saba! Mmoja anakumbuka sikio jeupe, mwingine anakumbuka alivyojisaidia penye kona. Nikapinga, nikasema mbuzi si mchezaji. Duni akajibu, kwa sauti yake ya uenyekiti, kwamba mbuzi yule alikaa uwanjani muda mrefu kuliko Sufuria, na Sufuria tumempitisha. Wakapiga makofi. Octave, anayetia sindano popote anapoambiwa, akainua mabega: "Bon, mie nashona tu. Mambo ya mbuzi mutapatana benyewe."

Imebaki nafasi moja. Soksi zenyewe zinabana.


Jumatano, 12 Julai

Nimwandike Nasra, kwa sababu yeye ndiye chanzo. Binti yangu, miaka kumi na miwili, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza, akikasirika Kizulu. Mwaka jana nilimwambia baba yake alikuwa mchezaji. Akatafuta kwenye simu. Akarudi kuniambia, bila ubaya wowote, kwamba sipo.

Nikamletea picha ya timu ya mwaka ule. Mpiga picha alikuwa na haraka, mwisho wa mstari pakakatika. Lakini nipo! Kiwiko changu kipo, ukikitazama vizuri. Nasra akakitazama vizuri. Akasema, "Hawu, baba," akanirudishia picha kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgonjwa dawa zake.

Tangu siku ile hajaniuliza tena habari za mpira. Nataka aone jina la baba yake limedariziwa kwenye kitambaa, na watu wazima wamesimama mbele yake. Ni hilo tu. Ni makubwa hayo?

Kwa hiyo nimemwendea Pandu. Pandu ni Mzanzibari, si wa tawi letu, ana bakkie, yaani pikapu, anabebea watu mizigo hadi Midrand, na kwa sahani ya pilau atashuhudia hata kuzaliwa kwako. Nimemfundisha: mimi nitaleta jina la "Umeme", yaani mimi, maana hilo ndilo lilikuwa jina langu la uwanjani, nilijipa mwenyewe. Yeye atasema: winga ya kulia, mbio za ajabu, mechi ya Morogoro. Basi. Wakishapitisha, nitainamisha kichwa na kukiri kwamba Umeme ndiye mimi. Nimefanya mazoezi ya kuinamisha kichwa mbele ya kioo.


Jumapili, 16 Julai

Mama Nasra alipika pilau akijua ni ya msiba. Sikumsahihisha.

Nikaleta jina. Pandu, sahani ya pili mkononi, akainuka. Akasema anamkumbuka sana Umeme. Vizuri. Winga ya kulia. Vizuri sana! Mbio za ajabu. Nikawa naanza kuinamisha kichwa. Ndipo pilau ikampanda. Akasema pia hatasahau jinsi Umeme alivyodaka penalti.

Duni akauliza tangu lini winga akadaka penalti. Pandu akasema kipa aliumia. Duni akauliza yeye Pandu ana umri gani. Ishirini na tano. Wakahesabu kwa vidole, wakagundua shahidi wangu alikuwa na miaka minne, tena yuko Makunduchi. Pandu akasema alikuwa mtoto mwerevu.

Nikapelekwa kwenye vikombe. Niko kwenye karai, mgongo kwao, namba kumi na nne inawatazama usoni, nikamsikia Mzee Ameir akisema: subirini. Mbio. Mechi ya Morogoro. Kulikuwa na mtu kweli.

Kikombe kikaniponyoka.

Akasema kulikuwa na kijana kaingia mwishomwisho, mwembamba, na nywele nyingi. Ana mbio! Ila hakuukimbilia mpira. Alimkimbilia mbuzi. Alimfukuza mbuzi kutoka goli hadi goli, huku Morogoro wakipita upande wake ulioachwa wazi, wakafunga. Ndiyo siku tuliyoshuka daraja.

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. Wote wanamkumbuka! Duni analia machozi, anapiga meza. Mmoja anaigiza mbuzi, mwingine anamwigiza kijana, mikono mbele, kama anayekamata kuku. Miaka ishirini na moja wamenificha vifuani mwao, na hivi ndivyo walivyonihifadhi!

Sikuweza kujizuia. Nikageuka, povu hadi viwikoni, nikapiga kelele kwamba ni uongo, refa ndiye aliyemwashiria amtoe mbuzi! Aliashiria kwa mkono, wazi kabisa! Duni akaniuliza nimejuaje. Nikasema nilikuwa jukwaani, karibu.

Basi Duni akafurahi, akasema mashahidi sasa ni tele, Mchunga Mbuzi aingie nafasi ya mwisho, ubavuni pa mbuzi wake. Imebaki jina tu. Kaka Abdulrahman, wewe uliyekuwa karibu, kijana yule alikuwa nani?

Walinitazama wote. Walikuwa bado wanafuta machozi.

Nikasema sijui.


Jumatatu, 17 Julai

Sikuuza blanketi hata moja. Wateja waliniogopa.

Alikuwa anaashiria mbuzi. Labda alikuwa anaashiria kona, sikatai, mvua ilikuwa kubwa. Lakini mkono ulielekea mbuzi! Na ningemkamata, ila aligeuka ghafla. Winga yeyote angepitwa pale.

Jioni Nasra akaniuliza nimekasirikia nini. Nikamwambia yote, nikitembea huku na huku, na refa nikamwigiza, na mbuzi nikamwigiza. Nilitegemea kile kicheko cha watu. Akacheka kweli, mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho akasema kitu kwa Kiingereza ambacho nimekiandika hapa kwa Kiswahili nisije nikakisahau. Alisema: sasa nakuamini, baba, maana mtu akitaka kudanganya, hadanganyi hivi.

Akaenda kuichukua picha. Akakitazama kile kiwiko upya.

Nilitoka nje kuangalia gari. Sina gari.


Jumapili, 23 Julai

Nasra alitaka kuiona bendera, nikaenda naye. Kazi nzuri, Octave hana mpinzani. Mbuzi yumo, tena na sikio jeupe. Pembeni yake maneno MCHUNGA MBUZI, na chini yake pengo la jina. Octave amesema pengo ataliacha hadi Jumapili ijayo, maana Jumatatu yake bendera inasafiri.

Tulipokuwa tunakunywa chai, Nasra akasimama. Sikumtuma! Naapa. Binti huyu ambaye hata sukari haiombi kwa Kiswahili, alisimama mbele ya wazee wote akasema, neno kwa neno, akilitafuta kila moja: "Huyu, mchunga mbuzi... yeye ni baba yangu."

Nikainamisha kichwa, sawasawa na pale kwenye kioo.

Wakacheka! Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaocheka mtoto mzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Duni akamwita mwanangu, akamweleza kwa upole kwamba kila baba aliyevuka mpaka aliwahi kuwa mchezaji, hata yeye huwaambia wanawe. Kisha sheria: ndugu haleti ndugu. Na shahidi yuko wapi? Nikasema mimi! Duni akanikumbusha kuwa juzi nilisema simjui, na kujileta mwenyewe ni marufuku. Nikamgeukia Mzee Ameir. Mzee akanitazama usoni, akanitazama kichwa kisicho na nywele, akalitazama tumbo, akakaa hapo kwenye tumbo. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema sura hubadilika, kaka, siwezi kuapa. Ila yule kijana nikimwona akikimbia nyuma ya mbuzi, hata leo, hata gizani, nitamjua tu.

Nasra akapelekwa kwenye vikombe, maana sheria ni sheria. Mtoto! Nikaenda kuosha naye. Aliosha, nikafuta. Alisema kwa Kizulu jambo fulani kuhusu Duni ambalo nimekataa kulielewa, lakini nilimpa kikombe cha Duni akioshe kwa maji ya mwisho.


Jumatatu, 24 Julai

Usingizi sikupata, na nashukuru, maana nimepata dawa. Nashangaa nilikuwa wapi siku zote. Nilihangaika na soksi, na fulana, na pilau, na Pandu, hali Mzee Ameir mwenyewe ameniambia mbele ya mashahidi kitu anachokihitaji!

Nimeshazungumza na Pandu. Anasema njia ya Midrand kuna bwana anauza mbuzi wa tambiko, wakubwa kwa wadogo. Wa kahawia wapo. Wenye sikio moja jeupe hana, lakini Pandu ana rangi iliyobaki ya kupaka ukuta. Jumapili tutamteremsha kwenye bakkie mlangoni kwa Octave, saa ya chai, wote wakiwa wameketi. Nasra atashika kamba, ataiachia nikimpa ishara. Ameniuliza itakuwaje mbuzi akigeuka ghafla tena. Nimemwambia hawezi, safari hii nimejiandaa. Karakana ni nyembamba, ina meza, ina hita, ina pasi ya moto. Atageukia wapi?

Mama Nasra anauliza kwa nini nakimbia ngazi za ghorofa juu na chini tangu alfajiri. Nimemwambia ni mambo ya msiba.

Chema chajiuza, nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mbuzi lazima anunuliwe.