Ombi la Kuondolewa kwa Bango Lililoeleweka Kupita Kiasi

Maktaba ya shule,
Meza ya dirishani,
Jumatano, saa ya mapumziko.

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, Mwalimu.

Kichwa cha barua nimekipigia mstari kwa rula ili ijulikane kwamba jambo lenyewe ni zito. Ningeweza kuja ofisini kulisema kwa mdomo, na kwa kweli nilishakuja mara mbili. Mara ya kwanza mlango ulikuwa umefungwa. Mara ya pili ulikuwa wazi, nikarudi.

Mwalimu anakumbuka kwamba kamati ya shule inataka chumba cha maktaba kiwe stoo ya madawati mabovu, kwa madai kwamba hakuna anayekitumia. Mwalimu wa maktaba akanipa kazi ya kuhesabu wanaoingia kwa wiki nne, kisha nichore bango la takwimu la kuwaonyesha wazazi kwenye mkutano wa Jumamosi iliyopita. Alinichagua mimi kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "Wewe si upo tu?" Nilihesabu. Nikasoma kitabu kizima kinachofundisha namna ya kuchora takwimu zikaeleweka, na nikafuata kila kanuni iliyomo. Hapo ndipo masaibu yangu yalipoanza, na nayataja hapa kwa namba.

1. Kitabu kilisema kila umbo lisimamie kitu kimoja tu. Nikachora vijitu mia moja na ishirini, kila kijitu ni mara moja ya mtu kuingia maktaba. Zamani kulikuwa na jedwali la safu kumi na moja mlangoni. Lilikaa pale miaka mitatu na halikumkera mtu, kwa kuwa hakuna aliyelisoma. Bango langu lilisomwa na ukumbi mzima kabla watu hawajamaliza kutafuta viti. Hata mjomba wangu, ambaye husoma maelekezo ya dawa baada ya kuimaliza, alilielewa akiwa bado amesimama. Je, hiyo ni haki?

2. Kitabu kilisema usifiche kitu hata kama kinakuharibia. Kwa hiyo watu thelathini na mmoja walioingia kukimbia mvua niliwachorea mwavuli. Tisa waliofuata ufagio unaowekwa nyuma ya kabati la ramani niliwachorea ufagio. Waliokuja kusoma ni ishirini na watatu, nikawapaka kijani. Ningenyamaza, wote hao wangekuwa wasomaji sitini na watatu, na mambo yangeisha vizuri. Lakini nyumbani tulikatazwa kudanganya, na sasa mnaona matokeo ya malezi ya namna hiyo.

3. Waliobaki ni hamsini na saba. Hao wote ni mtu mmoja. Huingia mara tatu kwa siku, na mara tatu pekee alizokosa ni siku aliyokwenda kung'oa jino. Kitabu kilisema namba moja ikizizidi zote, ipewe rangi yake. Nikaipa bluu. Sikuandika jina, maana mhusika ni mtu wa aibu. Lakini kitabu kilisema pia kwamba alama ndogo humsaidia msomaji kukumbuka, nikawavisha vijitu wote hamsini na saba miwani. Nilipoitazama miwani hiyo nikaona mkono wake wa kulia, ule unaoshika sikio, uko mtupu, nikauzungushia uzi mwekundu, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Shule nzima kuna miwani moja tu yenye uzi mwekundu. Naandika barua hii nikiwa nimeivaa.

4. Mama yangu ni fundi cherehani. Alikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti wa kamati alipouliza, "Na huyu wa bluu ni nani?" mama alisimama, akajibu kwa sauti anayoitia wateja walio ng'ambo ya barabara: "Huyo ni wangu! Uzi huo nimeufunga mimi!" Ukumbi wote ukageuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ncha ya bango, kwa hiyo sikuweza kukimbia. Ningekimbia, ningekimbia nalo.

5. Mwenyekiti akasema, "Kumbe tunamtunzia mtoto mmoja chumba kizima." Wazazi wakacheka, na mjomba akacheka kuliko wao. Mwalimu, bango la kuiokoa maktaba ndilo linaloifunga, na nimelichora kwa mkono wangu, tena kwa maandishi makubwa ili hata wa nyuma waone.

6. Nyumbani takwimu zimeharibu mazungumzo. Zamani mama aliniuliza, "Umeshindaje?" Siku hizi ananiuliza, "Leo mlikuwa wangapi?" Nikimwambia sihesabu tena, anataka kujua aliyekaa jirani yangu alikuwa rangi gani. Dada yangu naye amechora kwenye kalenda ya jikoni mchoro wa marafiki zangu. Ni duara tupu. Nakiri kwamba limechorwa vizuri na halina pambo lisilo na kazi.

7. Tangu Jumatatu bango limetundikwa mlangoni pa maktaba mahali pa jedwali, na wanafunzi wanaingia kumtazama mtu wa bluu. Wananiita Bluu. Wanataka kucheka, na kwa kuwa kucheka maktaba hakuruhusiwi, wanachukua kitabu chochote na kujifunika nacho mdomo. Idadi yao siijui, maana nimeapa kutohesabu mtu tena maishani.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima:

(a) Bango liondolewe, na jedwali la safu kumi na moja lirudishwe kwa shangwe.

(b) Michoro inayoeleweka ipigwe marufuku shuleni. Iruhusiwe tu ile yenye rangi kumi na mbili zinazofanana, maandishi ya kulala ubavu, na maua pembeni. Ratiba ya mitihani inaweza kutumika kama mfano, maana imekaribia sana.

(c) Ikishindikana, nihesabiwe kama watu sita. Huu si udanganyifu. Anayesoma habari za volkano asubuhi si yule anayesoma mashairi baada ya kengele ya mwisho, na hata viti wanakaa tofauti. Nimewauliza wote sita. Wamekubali.

(d) Ikishindikana hata hilo, chumba kifanywe stoo, ila nami niandikwe kwenye orodha ya madawati mabovu. Mkono mmoja wa miwani yangu umefungwa kwa uzi, nadhani sifa ninazo.

Mwalimu asidhani natania. Najua uamuzi utatolewa keshokutwa, Ijumaa. Mapumziko yetu ni dakika thelathini. Uwanjani, dakika thelathini ni nyingi mno kwa mtu asiyejua asimame wapi. Maktaba kuna kiti.

Naomba unisalimie naibu wako, walimu wote, mpishi wa shule, na mpiga kengele, ambaye tafadhali aambiwe kengele ya kumaliza mapumziko hana haja ya kuiwahisha. Mwenyekiti wa kamati naye msalimie, ila usimwambie ni nani anayemsalimu.

Wako mtiifu,
Mtunza daftari la maktaba (wa kujitolea),
anayejulikana tangu Jumatatu kwa jina la Bluu.

Nyongeza, Alhamisi, baada ya kengele ya mwisho:

Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua. Naomba Mwalimu asiyajali maombi (a) hadi (d).

Nimevunja kiapo, nimehesabu kutoka kwenye daftari la maktaba. Tangu Jumatatu wameingia watu hamsini na wawili mbali na mimi. Mvua haijanyesha hata tone, na ufagio niliupeleka stoo mwenyewe. Kumi na wanne walikuja kuniangalia tu, hao nimewachorea jicho. Waliobaki, thelathini na wanane, walijifunika mdomo kwa kitabu, wakaanza kukisoma, wakasahau kucheka. Golikipa wa timu ya shule amenifuata kuuliza, "Bluu, hiki kinaendelea kwenye kipi?" Leo mchana nimefika nikakuta meza ya dirishani imejaa, hata kiti changu kina mtu. Nikasimama na kalamu zangu mkononi. Golikipa hakuinua hata macho. Akasema, "Bluu, vuta kiti ukae, usituzibie mwanga."

Bango jipya nimelikunja humu ndani. Naomba Mwalimu alitazame kabla ya kesho. Halichukui muda zaidi ya kutafuta mahali pa kukaa. Bluu ni kumi na wawili tu, wapo pembeni, wanaonekana wadogo kabisa. Wa kijani tisa wa mstari wa mwisho hawana rangi, lakini wasidhaniwe kuwa hawakusoma. Ni kalamu ya kijani imeniishia.