Bahasha za Upande wa Bwana Harusi

Maeng Du-sik hakuingia benki siku ile kwa sababu ya fedha. Aliingia kwa sababu mle ndani kuna kiyoyozi, na Busan, kule Korea Kusini, mwishoni mwa Juni inamtokosa mtu kama kiazi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akachukua namba ya foleni asiyoihitaji, akajipepea nayo.

Huyu Du-sik alikuwa tapeli, tena wa kuheshimika. Alikuwa na miaka arobaini na minne, suti moja, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji ya bahari. Alichokosa ni chumba. Katika mji ule mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja mmoja, anataka fungu zima la dhamana mkononi, na Du-sik alikuwa na akiba ya won milioni kumi na mbili tu. Basi alikuwa analala kwenye bafu la umma, ambako kule mtu akilipia kuoga huruhusiwa kulala, sakafuni, kwenye mkeka, katikati ya wanaume wanaokoroma kama malori ya mchanga. Hakuota gari wala mke. Aliota mlango. Mlango wake mwenyewe, wa kuufunga kwa ndani, kisha anyooshe miguu bila kumpiga mtu teke la kichwa.

Hapo ndipo aliposikia kelele kaunta.

"Milioni kumi? Si ilikuwa milioni ishirini?"

Aliyekuwa anapiga kelele ni Mama Pyo Geum-ok, mwenye maduka matatu ya dagaa na mwani pale soko la samaki wakavu. Mwanamke mfupi, mpana, nywele za mawimbi ya dawa, mkoba ameubana kwapani kama kuku wa kuibiwa.

"Sheria imebadilika, mama," karani alisema. "Kuanzia Julai mosi, mtu akiweka au akitoa taslimu milioni kumi na kuendelea kwa siku moja, lazima turipoti serikalini. Zamani ilikuwa milioni ishirini."

"Kabichi inapanda, dagaa inapanda, nyie mnashusha!"

"Ni kupambana na fedha haramu, mama."

"Kwani mimi nina sura ya fedha haramu?"

Karani alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, kwa hiyo hakujibu.

Sasa tusimame kidogo tuwape heshima yao wakubwa waliokaa kwenye viti vya ngozi wakakishusha kiwango kile. Walikusudia kuwabana wezi. Hawakujua kwamba wamemfungulia ofisi Maeng Du-sik.

Alimfuata Mama Pyo mpaka nje, akamwinamia vizuri.

"Shangazi, samahani. Wewe ni wa kumi na tisa na nusu, siyo?"

"Mimi si shangazi yako. Kumi na tisa na nusu nini?"

"Ulikuwa unaweka milioni kumi na tisa na nusu. Ukitoka unapumua, ukirudi unaweka nyingine. Usinikazie macho hivyo, mama. Watu wote wenye akili walikuwa wa kumi na tisa na nusu."

Mama Pyo alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Na sasa?"

"Sasa utasema uwe wa tisa na nusu. Mara kumi? Karani si kipofu. Ukikatakata fedha ili zipite chini ya mstari, hapo ndipo mashine inapopiga kelele zaidi."

"Wewe ni nani?"

Du-sik akatoa kadi ya biashara. Ilikuwa imeandikwa: Mshauri wa Fedha Zenye Haya.

Walikaa kwenye kibanda cha tambi. Mama Pyo hakumnunulia kitu, alimtazama tu akinywa maji.

"Niambie, mama. Kuna fedha gani nchi hii ambayo mtu anapokea taslimu, nyingi, kutoka kwa watu mia, na hakuna anayemuuliza imetoka wapi?"

"Hongo."

"Hongo wanauliza siku hizi. Harusi, mama! Bahasha za harusi! Tunafunga harusi ya uongo. Mimi nakodi wageni sitini, kuna wakala wa kazi hiyo, wanakuja na suti zao na machozi yao. Kila mmoja tunampa bahasha yenye fedha yako mwenyewe, anaikabidhi mezani. Jioni fedha yako ina baba na mama. Unakwenda benki na kadi ya mwaliko na picha za harusi, unaweka zote. Wakiripoti waripoti. Ni zawadi!"

Mama Pyo alijichokoa meno kwa ulimi.

"Wewe unakula nini?"

"Asilimia kumi."

"Saba. Na bwana harusi uwe wewe. Mimi silipi mtu wa pili."

Bibi harusi alikuwepo tayari. Binti wa Mama Pyo, Seol-hui, alikuwa na miaka thelathini na tisa na alikuwa anaendesha lori la barafu. Aliwahi kumwambia mama yake kwamba ataolewa siku ngisi watakapopanda miti. Du-sik alipopelekwa kumwona, alikuwa chini ya lori, miguu tu nje.

"Ndiye huyu?" aliuliza bila kutoka. "Mama, viatu vyake vinacheka."

"Ni harusi ya uongo, dada," Du-sik alisema.

"Ingekuwa ya kweli ningekupitia na hili lori. Mama, tukimaliza hutaniambia tena habari za kuolewa?"

"Mpaka naingia kaburini."

"Basi nipimieni hilo gauni."

Halafu Mama Pyo alimwonyesha Du-sik friji. Kila nyumba kule ina friji la pili, la kimchi tu, ile kabichi ya pilipili iliyochachuka. Alinyanyua dishi la juu, akanyanyua la pili, na chini yake, ndani ya mifuko ya plastiki, zilikuwa noti za elfu hamsini, za manjano, zimelala kama watoto wachanga. Milioni tisini. Du-sik akazihesabu kwa macho. Aliuona mlango wake, aliona hata kitasa chake. Kumi na mbili zake na tisini hizi, anapata vyumba viwili na bafu huko Seoul, mbali, ambako hakuna anayemjua. Asilimia saba wapewe wajinga.

"Ukumbi utalipia wewe," alisema Mama Pyo.

"Mimi?"

"Si umenifundisha mwenyewe? Nikitoa fedha nyingi benki, mashine inanisema."

"Lakini hizi hapa za kwenye friji..."

"Hizi ndizo tunazozificha! Utafichaje kitu huku unakitumia? Mshauri gani wewe?"

Kwa mara ya kwanza maishani mtu alimshinda Du-sik kwa hoja aliyoileta mwenyewe. Akajiambia, ukitaka kuvua papa lazima utoe chambo. Kesho yake, Julai imeshaingia, akaenda benki. Meneja wa ukumbi alikuwa ameahidi punguzo akilipwa taslimu siku ileile, kwa hiyo Du-sik akatoa milioni zake zote kumi na mbili kwa mpigo. Karani, yule yule aliyelelewa vizuri, akatabasamu, akaandika kitu kwenye kompyuta. Yeye, bingwa wa kiwango kipya, hata hakushtuka. Mawazo yote yalikuwa kwenye kitasa.

Sehemu ya fedha ilikwenda kwenye ukumbi, nyingine kwa wageni wa kukodi, iliyobaki kwenye chakula. "Weka supu ya mbavu," Mama Pyo alishauri. "Harusi bila mbavu inatia shaka." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka chumvi: "Nimewaalika na watu wangu wachache wa sokoni, ili ionekane harusi."

Siku ya harusi wale watu wachache walijaza lifti mpaka ikagoma. Walikuja wauza pweza, wauza barafu, wauza nyavu, wapagazi, kikundi kizima cha akina mama wa kuweka na kukopa, na mzee mmoja aliyekuja na oksijeni yake. Harusini kule kuna meza mbili mlangoni, ya upande wa bibi harusi na ya upande wa bwana harusi, na kila mgeni anaacha bahasha upande anaoujua. Watu wa soko wakapanga foleni meza ya bibi harusi mpaka kwenye ngazi. Du-sik hakuwajali. Zao zingekuwa elfu hamsini, laki, vijisenti. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya bwana harusi, kwenye begi jeusi la bahasha chini ya kiti.

Bahasha sitini alizifunga Mama Pyo mwenyewe. Ile ya kwanza alimfungulia Du-sik mbele ya macho yake: noti thelathini, milioni moja na nusu, safi.

"Nyingine ni kama hii?"

"Unataka tuanze kuhesabu hapa mlangoni, wageni wanatuona? Shika uzito." Du-sik alishika moja, akaibonyeza. Ilikuwa nene, na ndani kulikuwa na mchakacho mkavu wa noti mpya. Roho yake ikatulia.

Mama Pyo akawagawia wageni wa kukodi, nao wakazikabidhi mezani mmoja mmoja, wengine wakilia. Mwanamke mmoja alimkumbatia Du-sik akasema, "Mpwa wangu, ungekuwepo mjomba wako akaona!" kwa uchungu ambao haukuwa kwenye mkataba.

Bibi harusi aliingia na gauni jeupe, akitembea kama anakagua matairi.

"Unatoka jasho," alimnong'oneza Du-sik mbele ya mwendesha sherehe.

"Ni mapenzi."

"Ni suti. Inanuka bafu la umma."

Wakainama kwa wazazi, wakainama kwa wageni, watu wakapiga makofi. Ikafika saa ya picha, na mpiga picha akaanza kuwapanga ndugu kama matofali. Hapo bwana harusi akashika tumbo.

"Dakika moja tu. Msalani."

"Kawaida," mpiga picha alisema. "Mimi kwenye yangu nilitapika."

Du-sik alipita mezani, akamwambia mtu wa kukodi aliyekaa pale kupokea bahasha kwamba bwana harusi anachukua begi lake, akashuka ngazi za dharura mbilimbili, ua kifuani, glavu nyeupe mikononi. Dakika chache baadaye alikuwa kituo kikuu, ndani ya basi la Seoul, kiti cha dirishani, begi mapajani. Basi lilipoingia barabara kuu, simu ikalia.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya Mama Pyo. "Umefika wapi?"

"Mama, samahani sana. Maisha ni magumu. Utanisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimepiga simu kukushukuru."

Nyuma yake Du-sik alisikia vijiko, vicheko, na mtu akiagiza mbavu tena.

"Miaka thelathini," alisema Mama Pyo, "nimepeleka bahasha kwenye harusi za watu. Nimeoza watoto wa soko zima, wengine mara mbili. Mtu hurudishiwa akioza wake, na wangu mimi hataki kuolewa. Fedha yangu yote imekaa kwa watu, nitaidai vipi? Ndipo ukaja wewe, na mdomo wako, na ukumbi wako. Leo wamerudisha wote. Na ulipokimbia, masikini, wakamwonea huruma Seol-hui, wakaongeza."

"Seol-hui..."

"Analia. Kwa kucheka. Sasa hakuna mshenga atakayegusa mlango wangu tena, mtoto ameumizwa moyo. Usijali, hatujaandikisha ndoa popote."

"Lakini milioni tisini ninazo mimi," Du-sik alisema, na sauti yake ikapanda kidogo mwishoni.

"Milioni tisini zipi? Kwenye friji langu kuna kimchi. Halafu, mwanangu, yule mama anayesugua watu bafuni kwenu tuko kikundi kimoja. Mtu anayejua kulaza fedha za watu, mwenyewe analala sakafuni? Na nimeambiwa ulitoa kumi na mbili kwa mpigo. Katika harusi nzima aliyeripotiwa serikalini ni wewe peke yako. Haya, safari njema. Supu imepoa."

Du-sik akachana bahasha ya kwanza aliyoigusa. Akachana ya pili. Ya kumi. Mwani. Mwani mkavu, mweusi, uliokatwa kwa mkasi sawasawa na noti ya elfu hamsini, umepangwa vizuri, unatoa mchakacho uleule. Ile bahasha ya noti za kweli hata haikuwemo. Alikaa akitazama mapaja yake meusi. Kurudi hawezi. Polisi angewaambia nini? Seoul hana hata bafu la kulala.

Bibi aliyekaa kiti cha pembeni akanyoosha shingo.

"Mwani huo, kijana? Wa wapi?"

Du-sik akanyoosha tai.

"Bibi, una jicho. Huu hauuzwi madukani. Ni wa harusi, wa wakubwa, ndiyo maana uko kwenye bahasha. Elfu kumi bahasha moja, kwa sababu ni wewe."

Bibi akachukua kipande, akakinusa, akakitafuna polepole huku basi linapita kwenye handaki.

"Wa mwaka jana huu," alisema. "Elfu mbili."

"Elfu mbili kila bahasha?"

"Elfu mbili kwa bahasha tatu. Na hilo ua."

Du-sik alifikiri kidogo, kisha akaanza kulifungua ua kifuani.