Mmarekani wa Kwenye Basi na Daftari la Valence

Kabla hakujakucha, kifuniko cha birika langu kilianza kugongagonga, nikajua kahawa imeiva. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshaiweka kwenye jiko la mkaa pale kijiweni, kando ya barabara ya Bonga, na benchi limejaa.

Melkior muuza nyama, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna anayeongea kabla yake, ndiye alikuwa na gazeti. Akatusomea kwamba huko Marekani amefariki mwandishi wa riwaya aliyepinga kila kitu: vita, kodi, tai na kinyozi. Miaka arobaini aliishi ndani ya basi bovu alilolipaka rangi zote za duniani. Alikataa tuzo. Riwaya yake ya kwanza aliichoma moto mwenyewe, akisema kitabu kikishapendwa na watu kinakuwa kimefugwa.

"Mabasi mabovu hata Babati yapo," akasema Conjesta muuza perege, ambaye kwetu ni Wakili. "Mbona wanaolala humo hawaandikwi gazetini?"

Tukacheka wote isipokuwa Valence. Huyu ni dereva wa bajaji, nywele zimemfika mabegani, na kijiweni anaitwa Msanii. Aliinuka, akatoa chini ya kiti cha bajaji yake daftari moja nene la kauntabuku, kona zimeliwa. Akatuambia hiyo ni riwaya yake. Ameiandika miaka mitatu akisubiri abiria, akaipeleka kwa mchapishaji mmoja, ikarudi bila hata kufunguliwa.

"Yule mzee kanifungua macho," akasema. "Bibi, naomba usogeze birika. Naichoma hapa hapa."

Spika akamwambia huo ndio usanii wenyewe, ila afanye haraka kahawa isipoe. Wakili akamuuliza nywele nazo zinafuata lini, na huko kwenye basi atapikiwa na nani.

Hapo nikaomba gazeti. Mimi nasoma polepole, lakini nafika. Aya ya mwisho, ambayo Spika aliiruka, ilisema dada wa marehemu alimpelekea supu kwenye basi kila jioni, mpaka siku aliyofariki. Nikawasomea.

"Mimi sina dada, Bibi," akasema Valence.

"Una sisi. Jiko langu halichomi kitu ambacho sijakisikia. Soma ukurasa mmoja, kisha nitasogeza birika."

Akasoma. Palikuwa na mzee mwenye kofia ya kijivu, zamani karani wa ushirika, anayewarudisha vijana nyuma wakipita bila kumwamkia. Sote tukageuka kumtazama mzee Elieza, karani wetu wa zamani wa ushirika, aliyekaa mwisho wa benchi na kofia yake ile ile ya kijivu. Kila Jumapili Valence humpeleka kanisani kwa bajaji, akamshika mkono mpaka kwenye kiti chake, na sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo kwa mtu. Mzee alikuwa anatabasamu.

Mwisho wa ukurasa, mzee wa kwenye daftari akafa. Wakamzika, watu wakanywa chai kavu, wakatawanyika.

Basi ikawa vurugu. Wakili alitaka kujua kwa nini hakupewa taarifa, wakati hajakosa msiba wowote tangu aolewe. Spika alisimama kabisa, akauliza ni nani aliyemruka kwenye msiba huo bila kumwagiza nyama, maana mtaa wetu mzima wa Bagara hakuna mzee atakayezikwa kwa chai kavu ilhali yeye yuko hai na kisu chake.

"Jamani, hii ni riwaya," Valence akajitetea. "Nimebuni tu."

"Kama unabuni, si ubuni na ng'ombe?" akasema Spika. "Ng'ombe wa kubuni anakupunguzia nini, mshikaji?"

"Na mimi unibuni," akadakia Wakili. "Niwe jikoni, mbele, kwenye sufuria kubwa."

Valence akacheka, mara ya kwanza asubuhi ile, akaanza kupapasa mifuko akitafuta kalamu. Wakati huo abiria wawili walikuwa wameshakaa ndani ya bajaji wakipiga honi wenyewe. Akalirudisha daftari chini ya kiti. Nami nikammiminia mzee Elieza kikombe cha pili.

Valence alipopita kumuaga, mzee alimshika mkono wala hakuuachia upesi.

"Jumapili uje tena nyumbani, mwanangu," akamwambia. "Uje mapema, na daftari. Huyo ng'ombe wa msiba wangu nitamchagua mwenyewe."