Benchi la Mshairi wa Portlennan

Jumatatu, 18 Novemba

Hatimaye! Halmashauri inatafuta mshairi wa mji. Shairi lake litachongwa kwenye benchi la mawe pale bandarini, na jina lake chini. Rennie, muuza nyama, ameshaanza kujitapa dukani kwamba benchi ni lake. Anatunga mashairi ya soseji, jamani! Nimeapa: litachongwa jina langu, Torquil Geddes. Tatizo dogo tu. Sijawahi kutunga hata ubeti mmoja.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku tatu mezani. Nimepata neno "bahari", basi. Nikafungua droo ya marehemu mke wangu, Effie, kutafuta kalamu nzuri. Nikakuta daftari. Mashairi! Miaka thelathini na moja ya ndoa, nilidhani anaandika mahitaji ya jikoni. Moja ni la mtu anayesubiri mlangoni. Nikalia. Nikafuta machozi, nikalinakili kwa mwandiko wangu. Effie hatakasirika. Hakuwahi kunikasirikia, ndiyo shida yake.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeshinda! Kapiga simu Bi Muir wa halmashauri, mgeni, kahamia juzijuzi kutoka Glasgow. Kasema shairi limemliza. Nikamwambia hata mimi nililia nilipokuwa naliandika, na huo si uongo. Nikapita kwa Rennie kununua figo nisizokula, nimwone uso tu. Jumamosi, Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, nitalisoma ukumbini mbele ya mji mzima.

Jumamosi, 30 Novemba

Mungu wangu! Nilivaa sketi ya ukoo, vazi letu wanaume wa Uskoti, ile ya harusi yangu. Haifungiki tena kiunoni. Nikaanza kusoma. Nilipofika "Ukichelewa kurudi, taa nimeiacha," ukumbi mzima ukamalizia: "chai imepoa, mimi sijapoa." Wote, kwa sauti moja! Kumbe Effie alikuwa akilisoma kila akizikwa mvuvi, miaka yote ile. Mji mzima unalijua kwa ghibu. Mimi mazishini nilikuwa natoroka mapema, niwahi kiti baa. Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea. Rennie alilia waziwazi. Kaka yake alizikwa kwa shairi hilo. Nje, Una, dada yake Effie, akanishika mkono. Akaniuliza, shemeji wewe, hivi ulidhani alikuwa anamsubiri nani mlangoni? Leo nimemlilia mke wangu kuliko siku ya kumzika.

Jumapili, 1 Desemba

Benchi litachongwa jina la Effie. Ni haki yake. Sikwenda kanisani, kwa aibu. Nikafungua tena droo, nikae naye kidogo. Kuna daftari la pili la mashairi! Juu kaandika: "Kwa Torquil, akipata nafasi." Jina langu hilo, mwandiko wake, atakayebisha nani? Nimelitia mfukoni; kulisoma sasa sina nafasi. Basi la Inverness linaondoka saa saba, na kule nao wanatafuta mshairi.